Daraja au Kivuko? Mashauri kwa Familia Inayovuka Ghuba ya Mwanza

Kwa wakazi wa Buswelu wenye wazee, wakwe au mashamba ng'ambo ya Ghuba ya Mwanza, safari ya Sengerema na Geita kwa miaka mingi haikuwa na mjadala. Ulifika Kigongo, ukapanga foleni, ukangoja kivuko. Aliyewahi alivuka mapema, na aliyechelewa alikaa juani pamoja na watoto wake mpaka zamu yake ifike. Tangu tarehe 19 Juni 2025, siku ambayo Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Daraja la J.P. Magufuli, ambalo wengi wetu tunaliita Daraja la Kigongo–Busisi, swali jipya limeingia katika vikao vya familia: tupite darajani, au tushuke mjini tupande kivuko cha Kamanga?

Swali hili huonekana dogo, na wapo wanaolijibu kabla halijaisha kuulizwa. Vijana husema daraja, kwa kuwa ni la haraka. Wenye nyumba karibu na mjini husema Kamanga, kwa kuwa wameizoea. Sisi tunaoandika ukurasa huu tumepita njia zote mbili, tukiwa na watoto, tukiwa na wazee na tukiwa na mizigo ya sherehe, na tumeona kwamba majibu yote mawili yanaweza kuwa sahihi na yote mawili yanaweza kuwa na makosa. Daraja limemaliza suala la muda. Suala la usalama halikumalizwa na daraja wala haliwezi kumalizwa na kivuko. Anayepanga safari ya familia na aanze kwa kuwatazama watu watakaokuwamo garini, ndipo aitazame saa.

Njia tatu za kufika ng'ambo moja

Ghuba ya Mwanza ni mkono wa Ziwa Victoria unaoingia nchi kavu kuelekea kusini. Upande wake wa mashariki lipo Jiji la Mwanza pamoja na wilaya za Ilemela na Misungwi, na upande wa magharibi ipo Sengerema. Anayeitaka Geita, Chato au Bukoba akitokea Mwanza hana budi kuvuka mkono huo, au auzunguke kwa kusini kupitia Shinyanga na Kahama ndipo apande tena kuelekea Geita. Safari hiyo ya kuzunguka ni ndefu mno kwa mtu wa Buswelu anayekwenda kumsalimu mama yake Sengerema, na kwa sababu hiyo mjadala wetu unabaki katika njia mbili.

Ya kwanza ni daraja lenyewe. Jiwe la msingi liliwekwa na Rais John Pombe Magufuli tarehe 7 Desemba 2019, na ujenzi ukaanza mwaka 2020. Daraja lina urefu wa takriban kilomita 3 na upana wa mita 28.45. Lina njia nne za magari, mbili kwenda na mbili kurudi, na pembeni zipo sehemu za dharura na njia za waenda kwa miguu. Gharama yake imezidi shilingi bilioni 700. Kabla ya hapo walikuwapo MV Misungwi, MV Mwanza na MV Sengerema, vivuko vilivyosimamiwa na Wakala wa Ufundi na Umeme, yaani TEMESA. Ukijumlisha foleni ya Kigongo, kupakia, kuvuka na kushusha upande wa Busisi, msafiri alikuwa akitumia hata saa mbili, na katika siku za sikukuu zaidi ya hapo. Leo gari dogo huvuka kwa dakika chache.

Ya pili ni kivuko cha Kamanga, kinachoendeshwa na kampuni binafsi. Gati lake lipo katikati ya jiji, na ng'ambo yake ni Kamanga, katika Wilaya ya Sengerema. Kuvuka kwenyewe huchukua takriban nusu saa, ukiacha muda wa kungoja zamu. Kutoka Kamanga msafiri hufuata barabara ya kwenda mji wa Sengerema, mwendo wa takriban kilomita 35.

Unakwenda wapi hasa?

Hili ndilo swali la kwanza ambalo baba au mama mwenye kupanga safari anapaswa kuliuliza, na aghalabu huulizwa mwisho. Watu husema "tunakwenda Sengerema" kana kwamba Sengerema yote ni mtaa mmoja. Sengerema mjini ni mahali pamoja, na kijiji kilicho kando ya ziwa karibu na Kamanga ni mahali pengine kabisa.

Kutoka Buswelu kwenda darajani, gari huelekea kusini. Wengi hupitia Nyakato na Igoma, wakatokea Buhongwa hadi Usagara, na hapo Usagara huiacha barabara ya Shinyanga na kugeuka kulia kuelekea Kigongo. Njia hii haina haja ya kuingia katikati ya jiji. Kutoka Buswelu kwenda Kamanga, kinyume chake, ni lazima ushuke mjini, ama kwa Nyakato ama kwa Kiseke na Kirumba. Anayejua msongamano wa Mwanza nyakati za asubuhi na jioni anajua kwamba muda anaodhani atauokoa kwa umbali mfupi wa Kamanga huenda akautoa sadaka kwenye foleni za mjini kabla hajaliona hata gati.

Kwa hiyo, mwenye gari anayetoka Buswelu kwenda Sengerema mjini, Geita, Chato au mbele zaidi hana sababu kubwa ya kujadili: daraja ndilo njia yake. Lakini mwenye kwenda Kamanga yenyewe, au vijiji vya Nyamatongo vilivyo jirani nayo, akipita darajani atalazimika kufika Sengerema ndipo arudi tena kaskazini kuelekea ziwani. Kwake yeye kivuko bado ni njia ya mkato. Kadhalika, asiye na gari na ambaye shughuli zake zipo katikati ya jiji, kwa mfano mfanyabiashara anayefuata bidhaa sokoni, kivuko cha Kamanga humshusha karibu na anapotaka kufika, ilhali abiria wa basi linalopita darajani huishia Nyegezi na hulazimika kupanda daladala nyingine.

Katika hesabu ya fedha pia pana tofauti. Kivukoni nauli hulipwa kwa gari na kwa kila abiria, hivyo familia ya watu wanane huilipa kwa hesabu ya vichwa. Darajani gharama kubwa ni mafuta, na mafuta hayaulizi mmekuwa wangapi garini. Mwenye kusafiri peke yake na mwenye kusafiri na ukoo mzima wasitumie hesabu moja.

Ni nani yumo garini?

Hapa ndipo penye uzito wa jambo lenyewe. Familia moja katika mtaa wetu ilijiandaa kwenda harusini ng'ambo. Vijana walipendelea Kamanga, kwa hoja kwamba watoto wadogo hawajapata kupanda chombo cha majini na kwamba kulitazama ziwa ni elimu. Baba aliafiki. Ndipo bibi yao, aliyekuwa akisikiliza kimya, akasema: "Wajukuu zangu, ninyi macho yenu yanataka kuliona ziwa, magoti yangu yanataka kukaa."

Neno la bibi lilikuwa na hekima ambayo hesabu za kilomita haziioni. Kivukoni, utaratibu wa usalama huwataka abiria washuke garini kabla gari halijapakiwa, dereva abaki peke yake, na wengine waingie kwa miguu. Hiyo ina maana ya kusimama kwenye kundi, kuteremka mteremko wa gati, kukanyaga mlango wa chuma ambao mara nyingi umelowa, kisha kutafuta mahali pa kukaa. Kijana hufanya hayo bila kuyahesabu. Mzee mwenye maumivu ya magoti, mama mjamzito aliyekaribia siku zake, au aliyetoka kufanyiwa upasuaji huyahesabu yote, na njiani huwa na aibu ya kulalamika kwa kuwa hataki kuwaharibia wengine furaha. Familia ile ilipita darajani. Watoto walilitazama ziwa kupitia dirishani, na baba akawaahidi safari ya Kamanga siku nyingine bila bibi, ahadi aliyoitimiza.

Zito zaidi ni suala la mgonjwa. Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Bugando ipo Mwanza, na wagonjwa wa Sengerema na Geita wanaopewa rufaa huvuka ghuba kuifuata. Wenye umri wetu wanazo kumbukumbu za magari ya wagonjwa yaliyofika Busisi na kukuta kivuko kimeondoka, na za ndugu waliosimama ufukweni wakiyaangalia maji kana kwamba yangejitenga kwa ajili yao. Mwenye mama anayetokwa damu baada ya kujifungua hana nusu saa ya kutoa. Kwa sababu hii pekee, hata kama daraja lisingeongeza faida nyingine yoyote, lingestahiki shukrani. Na tunasema bila kusita: ukiwa na mgonjwa, hata akiwa na nafuu, hata kama unakokwenda kupo karibu na Kamanga, pita darajani.

Kadhalika mazishi. Sisi ni watu tunaoharakisha kumsitiri maiti wetu, na msiba hautoi taarifa. Kabla ya daraja, si mara moja wala mbili mtoto wa marehemu alifika ng'ambo akakuta janaza imekwisha swaliwa na udongo umekwisha fukiwa. Leo anayepata habari ya msiba Buswelu baada ya alfajiri anaweza kufika Sengerema kabla ya adhuhuri bila kukimbiza gari. Tunasisitiza maneno hayo ya mwisho, bila kukimbiza gari, kwa sababu tutakayoyataja hapa chini.

Maji yametufundisha, barabara nayo inafundisha

Watu wa Mwanza hawahitaji kuhadithiwa hatari ya maji. Tarehe 21 Mei 1996, meli ya MV Bukoba ilizama ikiwa imekaribia kufika Mwanza kutoka Bukoba, na mamia ya watu wakapoteza maisha. Baadhi yao wamezikwa Igoma, mahali ambapo mtu wa Buswelu hupapita akielekea darajani. Tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara kikiwa kimekaribia gati. Kivuko hicho kiliruhusiwa kubeba watu 101, lakini waliokufa peke yao walizidi 220. Hesabu hiyo inatosha kumweleza mtu yeyote chanzo cha msiba: chombo kilibebeshwa zaidi ya uwezo wake.

Pwani ya Kenya nako kuna somo linalomhusu mwenye gari. Katika kivuko cha Likoni, Mombasa, tarehe 29 Septemba 2019, gari dogo lilirudi nyuma likateleza kutoka kwenye kivuko na kutumbukia baharini, mama na binti yake wakiwa ndani. Wote wawili walifariki. Tangu siku hiyo, kila tunapoona abiria wanagoma kushuka garini kivukoni kwa sababu ya jua au mvua, hukumbuka kisa hicho. Utaratibu wa kushuka unamtaabisha bibi yetu, lakini haukuwekwa kwa ajili ya kumtaabisha.

Basi anayechagua Kamanga, au kivuko kingine chochote katika ziwa hili, na ayashike mambo machache. Abiria wote washuke garini, pamoja na watoto waliolala. Dereva avute breki ya mkono, azime injini, aache gari kwenye gia, na vioo vya madirisha viwe wazi. Kila mtoto awe na mtu mzima mmoja aliyetajwa kwa jina, kwa kuwa mtoto wa "sote" ni mtoto asiye na mlinzi. Mkiingia tu, yatazameni maboya na majaketi ya kujiokolea yalipo, na mama afahamu namna ya kuyafunga kabla hayajahitajika. Mwisho, na hili ni gumu kuliko yote, kivuko kikionekana kimejaa kupita kiasi, ngoja kinachofuata. Mwenyeji wenu wa harusi atasubiri. Aliyezama hasubiriwi.

Je, daraja ni salama kuliko kivuko? Kwa upande wa maji, ndiyo. Lakini hatari imehama, haikuondoka. Wakati wa kivuko, dereva wa Mwanza kwenda Geita alilazimishwa kusimama katikati ya safari. Alitaka asitake, alishuka, akanyoosha miguu, akanawa uso, akala samaki, akazungumza na watu, na waliotaka wakaswali. Kisha akaendelea akiwa mtu mpya. Leo hakuna anayemsimamisha. Akitoka Buswelu na usingizi wa alfajiri machoni, barabara nzuri humpokea Usagara, daraja pana humpokea Kigongo, na mbele ya Busisi lami humwita aongeze mwendo. Foleni iliyomuudhi zamani ilikuwa pia ikimlinda.

Kwa hiyo tunaziomba familia zijiwekee kituo chao wenyewe badala ya kile kilichoondolewa na daraja. Simameni Usagara kabla ya kuvuka, au Sengerema baada ya kuvuka. Mkiipangia safari nyakati za swala, kituo hupatikana bila kulazimishana, na dereva hupumzika bila kuonekana mvivu. Aidha, darajani si mahali pa kusimama kwa ajili ya picha. Tumewaona watu wakiegesha magari na kushusha watoto ili wapigwe picha na ziwa nyuma yao, huku malori yakipita pembeni. Mwenye kutaka kuliona daraja kwa utulivu ategeshe gari nchi kavu, mahali palipo salama, kisha atembee katika njia ya waenda kwa miguu akiwashika watoto mikono. Na siku ya upepo mkali wa ziwani au mvua kubwa, mwendesha pikipiki aliyembeba mkewe na mtoto apunguze mwendo zaidi ya anavyodhani inatosha, kwa kuwa katikati ya daraja hakuna mti wala nyumba ya kukinga upepo.

Wenzetu wamechagua vipi?

Mjadala huu si wa Mwanza peke yake. Dar es Salaam walipata Daraja la Kigamboni, lenye urefu wa mita 680, lililozinduliwa tarehe 19 Aprili 2016. Wapo waliodhani vivuko vya Magogoni vingekosa abiria. Havikukosa. Maelfu ya watu wanaendelea kuvuka kwa maji, kwa sababu kivuko huwashusha katikati ya jiji, ilhali daraja huwataka wazunguke. Ni hoja ile ile ya Kamanga.

Mbali zaidi, kati ya Uingereza na Ufaransa, lipo njia ya reli iliyochimbwa chini ya bahari, yenye urefu wa takriban kilomita 50, iliyofunguliwa rasmi tarehe 6 Mei 1994. Magari hupakiwa juu ya treni na kufika ng'ambo kwa takriban dakika 35, ilhali meli kati ya Dover na Calais hutumia takriban saa moja na nusu. Zaidi ya miaka 30 imepita, na meli bado zinasafiri. Wenye haraka hupita chini ya bahari. Wenye safari ndefu ya kuendesha gari mbele yao, na familia zenye watoto waliochoka kukaa, wengi hupanda meli ili dereva apumzike, watu wale chakula, na watoto watembee. Hawaoni saa ile kuwa imepotea.

Tunaitaja mifano hii ili tuondoe dhana kwamba njia mpya huifuta ya zamani, na kwamba anayebaki na ya zamani ni mshamba. Njia mbili ni neema kwa mwenye kujua ipi ni ya safari ipi.

Waliobaki gatini

Lipo jambo jingine ambalo msafiri wa darajani halioni kwa sababu hapiti tena penye jambo hilo. Kigongo na Busisi palikuwa na watu walioishi kwa foleni. Walikuwapo kina mama waliouza sato wa kukaanga, vijana waliouza maji, karanga na ndizi, wapika chai, wabeba mizigo, na wenye vibanda vya vocha. Gari lililosubiri saa moja lilikuwa na abiria wenye njaa, na njaa hiyo ilisomesha watoto wa watu. Gari linalopita kwa dakika chache halinunui kitu.

Hatusemi haya ili kulilaumu daraja. Mgonjwa aliyewahi Bugando ana thamani kuliko biashara yote ya gatini, na wauza samaki wenyewe wanalijua hilo, kwa kuwa nao wana wagonjwa. Tunasema ili kumkumbusha mwenye gari kwamba kituo tulichomshauri ajiwekee kinaweza kuwa na faida mbili. Ukiwa na nusu saa, toka barabarani Kigongo au Busisi, nunua samaki kwa yule yule mama uliyemnunulia miaka yote ya foleni, upumzike, kisha uendelee. Na familia zilizo na ndugu wa namna hiyo ziwasaidie kuhamisha biashara kufuata vituo vipya vya magari, badala ya kuwaambia wavumilie.

Wasio na la kuchagua

Katika furaha ya kuchagua, tusiwasahau wasio na la kuchagua. Mtu wa Ukara hana daraja. Wa Ukerewe hufika Nansio kwa meli kutoka Mwanza, au hupita Bunda hadi Kisorya na kuvuka kwa kivuko kwenda Rugezi. Wa kisiwa cha Kome, hata baada ya kupita Daraja la Kigongo–Busisi kwa raha, hufika Nyakaliro akapanda kivuko. Buswelu ina familia nyingi zenye asili ya visiwa hivyo. Safari yao huanza kwa daraja na kuishia majini, au huwa ya majini tangu mwanzo.

Hofu yetu ni hii: kadiri wenye magari na wenye sauti wanavyoacha kutumia vivuko, ndivyo malalamiko kuhusu vivuko yatakavyopungua nguvu. Foleni ya Kigongo ilikuwa na wabunge, wafanyabiashara na maofisa ndani yake, na kila mmoja alipokwama aliuliza kwa nini. Foleni ya kuelekea kisiwani ina wavuvi, wanafunzi na kina mama wenye vikapu. Hao wakijazwa kupita kiasi, ni nani atakayeuliza? MV Nyerere ilikuwa ikibeba watu wa namna hiyo, siku ya gulio.

Kwa hiyo tunawaomba wasomaji wetu wa Buswelu, hata wale ambao hawatapanda tena kivuko maishani mwao, waendelee kuuliza. Ndugu yako wa Ukerewe akikupigia simu kwamba anakuja, muulize kivuko kimejaa kiasi gani, na umwambie kwamba kuchelewa kwake si kosa. Akija mgeni wa harusi kutoka kisiwani, mtumie nauli ya siku moja kabla, ili asilazimike kupanda chombo cha mwisho kilichofurika. Na viongozi wa mitaa na wa misikiti wanapokutana na wahusika, waulize habari za idadi ya abiria, majaketi ya kujiokolea na ukaguzi wa vyombo, kabla ya msiba na si baada yake.

Kwa muhtasari, mwenye mgonjwa, mzee au mjamzito, na mwenye kwenda Sengerema mjini, Geita na mbele yake, apite darajani, kwa mwendo wa kiasi na kwa kituo alichokipanga. Mwenye kwenda Kamanga na vijiji vyake, mwenye shughuli katikati ya jiji, na mwenye kutaka watoto wake walijue ziwa, apande kivuko, kwa kufuata taratibu zote hata zile zinazomchosha. Na kila mmoja, kabla ya kuwasha gari, awahesabu waliomo na amsikilize aliye dhaifu kuliko wote. Huyo ndiye mwenye haki ya kwanza ya kuchagua njia.

Mwenyezi Mungu awafikishe salama wanaovuka leo, wa juu ya daraja na wa juu ya maji.